Bustani ya Mwalimu

Wasomaji wengi wa kitabu hiki watalikumbuka pori lililokuwa nyuma ya nyumba ya mchungaji, upande wa kushukia korongoni. Watoto wa Shule ya Jumapili walikatazwa kuingia humo kwa sababu ya nyoka. Wazee waliliita "bustani ya mwalimu", ingawa hapakuwa tena na kitu kinachostahili jina hilo. Baraza la wazee lilipoazimia lisafishwe kabla ya jubilei, nia ilikuwa kupata maegesho ya magari.

Jina lile lina asili yake. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kazi yao ilienea upesi katika Kilimanjaro. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Waingereza waliwaondoa karibu wamisionari wote Wajerumani. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia tangu 1922, nao Wajerumani wakaanza kurudi mwaka 1925. Katika kipindi hicho mzigo wa mitaani ulichukuliwa na walimu Wachagga, waliofundisha kusoma siku za juma na kuongoza ibada siku ya Bwana. Usharika wetu ni tunda la kipindi hicho. Ulianza kama mtaa wa mwalimu: chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa nyasi, na kiwanja cha kumlisha yeye na jamaa yake, kwa maana mshahara wake ulikuwa mdogo.

Msaragambo wa kwanza ulitukatisha tamaa. Vijana walikuja na mapanga na mafyekeo, wakidhani watamaliza asubuhi moja. Hadi saa sita mchana walikuwa wamefungua njia ya upana wa mkokoteni tu, na mikono yao ilikuwa imechanwa na miiba. Juma lililofuata akina mama walitufundisha. Walisema kuifyeka ndago bila kuichimbua ni kuipalilia. Wakainama na majembe, wakang'oa kiazi kimoja kimoja na kukitupa kwenye karai ili kikachomwe. Kazi hiyo ni ya polepole mno, lakini ina furaha yake. Jioni mtu alinyoosha mgongo, akageuka nyuma, akaona udongo mweusi mahali ambapo kizazi kizima hakikuwahi kuuona, na alikuwa na hamu ya kurudi Jumamosi nyingine.

Jumamosi ya tatu jembe liligonga mawe yaliyopangwa. Ulikuwa mfongo. Mzee mmoja alisimama juu yake kwa muda, kisha akatuonyesha mahali maji yalipogeuzwa zamu ya mwalimu ilipofika. Chini ya mfongo ilisimama mibuni, imerefuka kama miti ya msitu, lakini safu zake zilikuwa bado zimenyooka. Chama cha kwanza cha Wachagga wakulima wa kahawa kiliundwa mwaka 1925, na yaelekea mwalimu wetu hakuchelewa sana kuwafuata.

Mwishoni mwa safu tulikuta masale, mafungu manne katika mstari mmoja. Vijana walishusha mapanga bila kuambiwa. Kila Mchagga ajua kwamba isale halipandwi ovyo; huwekwa mpakani, na huwekwa makaburini. Hapa hapakuwa mpaka. Kitabu chetu cha maziko kinaanza miaka ya baadaye, basi tuliwaita bibi wawili, wakongwe kuliko wote usharikani, nao wakataja majina manne bila kusitasita. Wapo waliosikitika kwamba Wakristo wa kwanza walizikwa chini ya isale pasipo msalaba. Mimi sioni aibu katika hilo. Waliowazika walitumia alama waliyoijua, na ni alama hiyo iliyotufikia.

Baraza lilijadili habari hiyo hadi usiku. Ardhi ya mlimani ni haba, na hoja ya maegesho haikuwa ya kipuuzi. Hatimaye iliamuliwa magari yaegeshwe kando ya barabara, na majina yale manne yaliandikwa katika daftari la usharika. Mibuni 17 tuliikata kwenye mashina, tukazibua mfongo na kuomba zamu kwa wenye maji. Yalifika saa kumi jioni, yakiwa na tope na majani makavu. Mvua za masika zilipokuja, mashina 11 yalikuwa yamechipua.