Miaka 60 ya Benki Kuu na Bei ya Shilingi

Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake tarehe 14 Juni 1966, gavana wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Siku hiyo shilingi ya Tanzania ilianza kuchukua nafasi ya ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotumika pia Kenya na Uganda. Dola ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14.

Bei hiyo ilipangwa na serikali, si soko. Uingereza ilipoishusha thamani pauni yake Novemba 1967, Tanzania haikufuata. Lakini kuishikilia bei kulitaka akiba ya dola, na dola zililetwa na kahawa, pamba na katani. Mafuta yalipopanda bei, na vita vya Kagera vikameza kilichobaki, akiba ilikauka. Mwenye kiwanda aliyetaka vipuri kutoka nje aliomba kibali, akasubiri mgao. Aliyekosa aliwaendea walanguzi, ambao kwao dola ilikuwa na bei nyingine kabisa.

Mtei, sasa waziri wa fedha, aliona shauri la Shirika la Fedha la Kimataifa la kushusha thamani ya shilingi lina mantiki. Mwalimu Nyerere alikataa katakata. Desemba 1979 Mtei akajiuzulu.

Ilibidi kungoja Rais Mwinyi, “Mzee Ruksa”. Mwaka 1986, chini yake, dola ilipandishwa kutoka shilingi 17 hivi, ilikokuwa imefika kwa awamu, hadi 40. Mjini watu walilalamika, na walikuwa na haki, maana bidhaa za nje zilipanda bei. Ila kahawa iliyouzwa nje kwa dola 100, kabla ya makato, sasa ilileta shilingi 4,000 badala ya 1,700. Miaka yote ile, aliyeibeba shilingi ngumu mgongoni alikuwa mkulima.

Maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa 1992. Mwaka uliofuata ikaja minada ya dola, na 1994 soko la mabenki. Tangu hapo Benki Kuu haipangi bei: huuza dola shilingi inapoyumba kupita kiasi, hununua zinapojaa. Januari 2024 iliongeza chombo kingine, Riba ya Benki Kuu, ikaanza na asilimia 5.5.

Amri nazo hazijaisha. Machi 2025 kanuni za serikali zilipiga marufuku kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na mikataba iliyokuwepo ikapewa mwaka mmoja kubadilishwa.