Kuluva: Wageni Walioandika Majina ya Vijiji

Kamati imeniomba niandike habari za wageni waliokuja kuishi na kuhudumu West Nile kabla yetu sisi. Nimechagua hospitali ya Kuluva, iliyo kilomita chache nje ya mji wa Arua. Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya ugonjwa tu.

Ilianzishwa na misioni ya Africa Inland Mission, iliyokuwa imefika Arua tangu 1918. Daktari Mwingereza Ted Williams alihudumu pale miaka mingi pamoja na ndugu yake Peter, naye daktari. Sasa fikirini foleni ya wagonjwa wa nchi hii: Mlugbara, Mkakwa wa Koboko, Mmadi, Mualur, na aliyevuka mpaka kutoka Kongo. Kilugbara kina toni. Sauti ikipanda au ikishuka, neno limekuwa jingine. Kiswahili kilikuja na askari na wafanyabiashara, kikasaidia sokoni, lakini mama haelezi homa ya mwanawe kwa lugha ya sokoni. Bila mkalimani, daktari ni bubu. Sisi walimu tunalijua jambo hili, maana darasa moja lina Kikakwa, Kilugbara na Kilingala. Furaha yake tunaijua pia: mgeni akisema "Mi ngoni?" na mzee akajibu "Ma muke" huku anacheka, siku hiyo kazi inakuwa nyepesi.

Watoto wengi wa Uganda walikuwa wanapata uvimbe wa taya, ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, aliueleza mwaka 1958. Oktoba 1961 Burkitt, Ted Williams na daktari mwingine, Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu aina ya Ford hadi Afrika Kusini, maili zipatazo 10,000 kwa wiki kumi, wakiuliza kila hospitali kama imeuona uvimbe ule. (Williams alikuwa pia fundi wa magari. Kwa barabara za wakati ule, huyo ndiye aliyehitajika zaidi!) Waliona kwamba saratani hiyo hukaa penye joto na mvua, na kwenye milima ya baridi haipatikani.

Lakini kazi ninayoiheshimu zaidi ilifanyika nyumbani. Tangu 1961 hadi 1975 habari za watoto wenye saratani hiyo katika West Nile ziliandikwa: anaishi wapi, uvimbe ulianza lini. Ndipo ikaonekana kwamba wagonjwa hutokea karibu karibu, kwa mahali na kwa wakati. Jina la kijiji mgeni haliandiki peke yake. Lazima mwenyeji alitamke na kuonyesha njia.

Mwaka 1972 wataalamu wa kimataifa walianza kuchukua damu ya watoto wa West Nile wapatao 42,000, ili kuchunguza virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda. Wengi wa watoto hao hawakuwa wagonjwa. Unamwombaje mama damu ya mtoto mzima? Matokeo yalitolewa 1978: watoto 14 walikuwa wamepata saratani, na damu yao ya zamani ilisaidia kuonyesha kwamba virusi hivyo vinahusika.

Nawaomba watumishi wa mashirika wasome habari hii taratibu. Nasi tunaulizwa kila mara: unatoka wapi, kijiji gani, lini? Tunajibu, karatasi inaondoka, wala hatusikii imefanya nini. Swali lenyewe si baya. Tuelezwe tu linakwenda wapi.

Baada ya vita vya 1979, wenyeji wa West Nile nao walikimbia, maelfu kwa maelfu, wakaingia Kongo na Sudan. Wengi walirudi katika miaka ya 1980 wakiwa na watoto waliozaliwa huko. Ndiyo maana mkimbizi wa Kongo anaweza kuuliza bei ya mihogo katika soko la Arua kwa Kiswahili kibovu, na mama muuzaji akamjibu kwa Kilingala safi.