Kenge amegoma kula? Anza na joto
Kenge akigoma kula, asilishwe kwa nguvu. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha, hutegemea jua. Akipoa, chakula hakisagiki na kinaweza kumuozea tumboni. Shinyanga na Geita usiku wa Juni na Julai una baridi, hivyo apate sehemu ya jua, kivuli na beseni la maji.

Akichangamka, apewe mayai au konokono. Panya aliyekufa kwa sumu hapana, wala samaki wa madimbwi ya machimbo yenye zebaki.

Mkia ukikonda au mdomo ukivimba, aitwe daktari wa mifugo.

Kenge ni mnyamapori: kumfuga kunahitaji kibali. Asiye nacho aende TAWA, asimfiche mgonjwa ndani.