Kiota Kilichojengwa kwa Mbavu za Nyati

Hebu fikiria unapanda kilima kidogo kwenye nyika za magharibi mwa Marekani, karne ya 19. Juu yake kuna kiota kikubwa. Ukikisogelea unashangaa: kumbe si vijiti vitupu! Mna mbavu za nyati wa Amerika, manyoya yao na hata kinyesi chao kikavu. Fundi wa nyumba hii ni nani?

Ni mwewe. Wanasayansi humwita Buteo regalis. Hilo neno la pili, maana yake "wa kifalme", alipewa na Mwingereza George Robert Gray mwaka 1844. Ni mkubwa kweli: akikunjua mabawa yanafikia karibu mita 1.4. Anaishi nyikani na majangwani, ambako miti ni adimu. Sasa fundi asiye na miti afanyeje? Anatumia alichonacho. Na nyati walikuwapo kwa mamilioni.

Kisha reli ikafika. Miaka ya 1870 wawindaji waliwaua nyati kwa ajili ya ngozi, ambazo zilitumika hata kutengenezea mikanda ya mashine viwandani. Kufikia 1889 walibaki kama 1,000 tu. Walakota na wenyeji wengine, waliowategemea kwa chakula, mavazi na mahema, wakakumbwa na njaa. Hata mifupa haikuachwa: iliokotwa, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikaenda kusagwa kuwa mbolea.

Mwewe je? Alibadilisha vifaa. Ng'ombe walipochukua nafasi ya nyati, akatandika kinyesi cha ng'ombe. Siku hizi viotani mwake hukutwa hata vipande vya waya. Yaani, ukikisoma vizuri kiota hiki, kinakuambia nani anaishi kwenye ardhi ile na nani ameondolewa.

Lakini usije ukadhani kila kitu kina mbadala. Mwewe huyu hula sungura na wanyama wadogo wa jamii ya kuchakuro wanaochimba mashimo ardhini. Katika karne ya 20 wachimbaji hao waliuawa kwa sumu, kwa kampeni za serikali yenyewe, kwa madai kwamba wanamaliza nyasi za ng'ombe. Wakitoweka, makinda hulala njaa. Nyumba unaweza kuijenga kwa waya. Kinda huwezi kumlisha waya.

Basi, siku ukiona kiota mtaani kwenu, usipite tu. Tazama kimejengwa kwa nini.