Madaraja ya Pensheni ya Polisi wa New York

Polisi wa Jiji la New York walikuwa miongoni mwa watumishi wa umma wa kwanza nchini Marekani kuwekewa mfuko wa pensheni. Mfuko huo ulianza mwaka 1857, na mwanzoni ulikuwa wa majeruhi, si wa wazee: askari aliyeumia kazini alilipwa, na aliyeuawa kazini familia yake haikuachwa mikono mitupu. Mwaka 1878 sheria ikampa askari wa muda mrefu haki ya kustaafu kwa nusu ya mshahara. Baada ya muda, nusu ya mshahara kwa utumishi wa miaka 20 ikawa ndiyo ahadi kuu ya kazi hiyo, ile iliyomfanya kijana avumilie zamu za usiku na mshahara mdogo wa kuanzia.

Ahadi hiyo haikuwa na akiba nyuma yake. Wastaafu walilipwa kwa fedha za mwaka huohuo, na kadiri walivyoongezeka ndivyo jiji lilivyozidi kuelemewa. Tarehe 29 Machi 1940 mfuko wa zamani ulifungwa kwa waajiriwa wapya, ukafunguliwa mwingine ambao michango ya askari na ya jiji iliwekwa mapema kwa hesabu za kitaalamu. Kuanzia siku hiyo askari wa kituo kimoja waligawanyika kwa tarehe ya kuajiriwa. Hakuna aliyeuita mgawanyo huo daraja, lakini njia ilikuwa imeshafunguliwa.

Miezi mitatu baadaye ilianza kutumika kanuni iliyoamua historia yote iliyofuata. Mkutano wa katiba wa Jimbo la New York wa mwaka 1938 ulikuwa umepitisha kifungu cha 7 cha ibara ya 5, kinachosema kwamba uanachama katika mfuko wa pensheni wa umma ni mkataba, na kwamba mafao yake hayawezi kupunguzwa wala kuharibiwa. Kilianza tarehe 1 Julai 1940. Kabla ya hapo pensheni ya mtumishi ilihesabiwa kuwa hisani ya serikali, na hisani huondolewa wakati wowote. Kifungu hicho ni kinga kubwa, na wastaafu wengi wanaishi kwa heshima kwa sababu yake. Lakini kina upande wake wa pili. Serikali inayotaka kubana matumizi haiwezi kumgusa aliyekwisha kuingia, kwa hiyo humgeukia atakayekuja. Ambaye hajaajiriwa hana mkataba wala chama cha kumtetea, na kikokotoo chake hupangwa kabla hajavaa sare.

Miaka ya 1960 ilikuwa ya neema. Vyama vya wafanyakazi wa umma vilipata nguvu, hasa baada ya sheria ya mwaka 1967 kuvitambua rasmi katika majadiliano, na mafao yakaongezwa karibu kila mkataba uliposainiwa. Katika kipindi hicho polisi walikubali mfuko wao uwekeze katika hisa, nao wakaahidiwa sehemu ya faida. Hapo ndipo ilipotoka nyongeza inayolipwa kila Desemba kwa askari aliyestaafu kwa utumishi, ambayo hatimaye ilifikia dola 12,000 kwa mwaka.

Gharama zilipopanda, Bunge la jimbo huko Albany liliunda tume ya kudumu ya pensheni chini ya Otto Kinzel. Matokeo yake yalikuwa daraja la pili, kwa waliojiunga kuanzia tarehe 1 Julai 1973. Waliotangulia wakahesabiwa kuwa wa daraja la kwanza. Kwa polisi tofauti haikuwa kubwa. Wa daraja la kwanza alipigiwa hesabu kwa mapato ya mwaka wake wa mwisho, na askari anayekaribia kustaafu alijua faida ya kujaza mwaka huo saa za ziada. Daraja la pili liliweka kikomo: mapato ya mwaka huo yasihesabiwe zaidi ya asilimia 20 juu ya mwaka uliotangulia.

Mwaka 1975 jiji lilikaribia kufilisika. Polisi wapatao 5,000 waliachishwa kazi katika siku moja ya kiangazi, na mifuko ya pensheni ya watumishi ikanunua hati fungani za jiji ili lisianguke. Akiba ya uzeeni ya askari, walimu na wafagizi ikawa sehemu ya fedha zilizoliokoa jiji lililowaajiri. Mwaka uliofuata likaja daraja la tatu, kali zaidi, lililokata sehemu ya pensheni kwa kuzingatia malipo ya hifadhi ya jamii ya serikali kuu. Polisi na wazimamoto walinusurika. Kipengele maalumu cha kuwabakiza daraja la pili kilihuishwa kwa kura ya Bunge kila baada ya miaka miwili, na kwa zaidi ya miaka 30 kura hiyo ikawa jambo la kawaida.

Juni 2009, katikati ya mdororo wa uchumi, Gavana David Paterson alikataa kuusaini muswada wa kukihuisha kipengele hicho. Waliojiunga kuanzia tarehe 1 Julai wakaangukia daraja la tatu, sheria iliyotungwa wengi wao hawajazaliwa.

Tofauti ilionekana ndani ya gari moja la doria. Chukua askari wawili wenye kipato cha dola 100,000 kinachohesabika, kila mmoja akiwa na miaka 20 kazini. Wa daraja la pili huondoka na dola 50,000 kwa mwaka. Wa daraja la tatu hupata asilimia 42, yaani dola 42,000. Kuipata nusu kamili lazima afikishe miaka 22. Kipato chake pia ni wastani wa miaka mitatu, si wa mwaka mmoja. Akifika umri wa miaka 62, pensheni hupunguzwa kwa nusu ya malipo ya hifadhi ya jamii yanayotokana na kazi yake ya jiji. Kwa walioajiriwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2012, chini ya mageuzi ya Gavana Andrew Cuomo, wastani huo uliongezwa kuwa wa miaka mitano.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa kwenye ulemavu. Wa daraja la pili aliyelemazwa na ajali kazini alipata robo tatu ya mshahara, bila kodi ya mapato ya serikali kuu. Wa daraja la tatu alipata nusu, ikakatwa tena kwa sababu ya malipo ya ulemavu ya hifadhi ya jamii. Risasi haiulizi mtu aliajiriwa lini, na hapa hoja ya chama cha polisi ilikuwa na uzito usiopingika. Baada ya miaka ya mvutano, sheria ya mwaka 2017 iliwarudishia wa daraja la tatu robo tatu ya mshahara, wakichangia zaidi kutoka mifukoni mwao.

New York haikuwa peke yake. Illinois, yenye kinga kama hiyo katika katiba yake ya mwaka 1970, iliwawekea polisi wa miji midogo daraja la pili kuanzia Januari 2011 na kusogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 50 hadi 55. California ilifuata mwaka 2013. Mwaka 2029 ndipo askari wa New York walioingia katika siku za mwisho za daraja la pili watatimiza miaka 20 ya utumishi.