"The Gambler" kabla ya Kenny Rogers

Ukiutaja wimbo "The Gambler" mbele ya mpenzi yeyote wa muziki wa kantri, awe Nashville au Nairobi, jina litakalomjia mdomoni ni Kenny Rogers. Lakini Rogers hakuutunga, wala si yeye aliyetangulia kuurekodi. Ulipomfikia mwaka 1978 ulikuwa umebishiwa hodi milango mingi, na waimbaji wengine walikuwa wameshauimba bila kishindo.

Mtunzi wake ni Don Schlitz, kijana kutoka Durham, North Carolina, aliyehamia Nashville akitaka kuishi kwa kutunga nyimbo. Usiku alifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Agosti 1976, akiwa na miaka 23, alitoka kuonana na Bob McDill, mtunzi aliyemtangulia katika fani na aliyekuwa akimpa mwongozo, akarudi nyumbani kwa miguu. Njiani wimbo ukaanza kumjia. Alipofika aliuandika karibu wote kwa muda wa dakika 20 hivi. Ubeti wa mwisho ndio uliomgomea, akahangaika nao kama wiki sita.

Si ajabu ulimgomea. Katika kisa chake, watu wawili wasiojuana wamekaa ndani ya treni usiku, wamechoka, kila mmoja anatazama giza dirishani. Mmoja ni mzee aliyekula na kuvaa kwa karata maisha yake yote, na kazi hiyo imemfundisha kusoma nyuso za watu. Anamwona mwenzake ameishiwa. Anaomba wiski iliyobaki chupani, anaomba na sigara, kisha analipa kwa mawaidha ya namna ya kucheza na namna ya kuacha kucheza. Sasa mtunzi afanye nini na mzee aliyekwisha kusema yote? Schlitz aliamua afe palepale, usingizini, kabla ya safari kwisha. Kwangu mimi huo ndio uamuzi uliouokoa wimbo. Bila kifo hicho tungebaki na mawaidha matupu, na mawaidha matupu hayaimbiki miaka 40.

Baba yake Schlitz alifariki mwaka huohuo wa 1976. Hakuwa mcheza kamari, lakini mwanawe amewahi kueleza kwamba wimbo huu ulikuwa njia yake ya kuutafakari uhusiano wao. Ukiusikiliza ukijua hilo, yule mzee wa kwenye treni anakuwa mtu mwingine kabisa.

Kwa miaka miwili hivi wimbo ulizungushwa Nashville bila kupata bahati. Hauna mapenzi, hauna mwanamke aliyeondoka, na mhusika mkuu anakufa. Naelewa kwa nini wengi walisita. Aliyeupigia debe ni Shel Silverstein, mshairi aliyetunga "A Boy Named Sue" ulioimbwa na Johnny Cash. Alimhimiza rafiki yake Bobby Bare, naye Bare akaurekodi mwaka 1978 katika albamu yake "Bare". Ulipita kimya. Schlitz akautoa kwa sauti yake mwenyewe, ukaishia nafasi ya 65 kwenye chati ya kantri.

Hapo akaingia prodyuza Larry Butler, aliyekuwa akifanya kazi na Cash na Rogers kwa wakati mmoja. Mwaka uleule wote wawili waliurekodi chini yake. Cash aliuweka katika albamu "Gone Girl", na licha ya ukubwa wa jina lake, haukuvuma.

Rogers, mzaliwa wa Houston aliyekuwa ametimiza miaka 40, alikuwa na kipaji cha kusimulia. "Lucille" ilikuwa imethibitisha hilo mwaka 1977. Anauanza kwa sauti ya chini, karibu na kuongea, gita likimsindikiza tu. Hana haraka. Katikati ya kisa muziki unapanda ufunguo, waitikiaji wanaingia, na kiitikio kinakuwa cha watu wote. Unasikia kwamba anaimba kama yule aliyekaa akasikiliza, wala hajifanyi kuwa mzee mwenye hekima. Nadhani hapo ndipo alipowapita wenzake.

Ulitoka Novemba 1978, ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri na ya 16 kwenye chati kuu ya Marekani. Schlitz alipata Grammy ya mtunzi mwaka 1979, na Rogers akapata yake ya uimbaji mwaka 1980. Mwaka huohuo ikaja filamu ya televisheni, Rogers mwenyewe akiigiza mcheza kamari, na nyingine zikafuata. Mwaka 2007 wachezaji wa raga wa Uingereza waliufanya wimbo wao wakati wa Kombe la Dunia nchini Ufaransa, wakafika fainali.

Nchini Kenya, ambako kantri ina wapenzi wa dhati, Rogers amepigwa redioni miaka na miaka. Wengi wanaoitikia hawajawahi kushika karata za poka. Hawazihitaji, maana mzee anayemkalisha kijana na kumwonya wanamjua vizuri.

Rogers alifariki Machi 2020, miaka miwili baada ya Maktaba ya Bunge la Marekani kuiingiza rekodi yake kwenye hazina ya rekodi za kuhifadhiwa. Za Bare na Cash zipo pia, na zinastahili kusikilizwa. Anza na ya Bare, uende kwa Cash, umalizie kwa Rogers, na utege sikio kwenye ule ubeti uliochukua wiki sita.