Amplifaya ya Gitaa na Kutengana kwa Kazi Zake Mbili

Mpiga gitaa wa zama hizi, akiisha kununua mashine ya kidijitali iigayo sauti za amplifaya mashuhuri, hujikuta mbele ya suala ambalo waliomtangulia katika sanaa hii hawakuwa na haja ya kuliuliza: ni amplifaya gani ya nguvu imfaayo kuisukuma spika yake? Suala ni jipya, lakini asili yake ni ya zamani, na atakaye kulijibu kwa busara hana budi kurejea wakati ambapo kuitengeneza sauti na kuipa nguvu zilikuwa kazi za chombo kimoja.

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitia kiungo cha tatu ndani ya valvu ya kioo, na kwa kiungo hicho umeme dhaifu ukaweza kuutawala umeme mkubwa. Juu ya msingi huo Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, aliunda katika miaka ya 1950 amplifaya aliyoiita Bassman, ambayo kwa asili ilikusudiwa gitaa la besi. Muradi wake ulikuwa sauti safi. Lakini wapigaji walipozungusha kitufe mpaka mwisho, valvu zikafikia ukomo wa uwezo wake, transfoma ya kutolea sauti ikalemewa, na kutoka katika spika ukaja mngurumo mtamu ambao hakuna aliyeuchora katika ramani ya mtambo ule.

Bassman ikavuka bahari. Huko Hanwell, magharibi ya London, Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la ala za muziki, akishirikiana na mafundi Ken Bran na Dudley Craven, mwaka 1962 alitoa JTM45, iliyofuata mpango wa Bassman karibu waya kwa waya. Hata hivyo haikulia kama Bassman, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa spika: nne za kampuni ya Celestion, ndani ya sanduku lililozibwa nyuma. Hapa yafaa tutue kidogo. Spika iliyoandikwa ukinzani wa omu 8 mgongoni haina omu 8 kwa kila noti. Katika sauti nzito, pale koni inapopenda kutikisika yenyewe, ukinzani wake hupanda mara kadhaa, na katika sauti nyembamba hupanda tena. Amplifaya ya valvu haina mkono mzito wa kuidhibiti, basi huufuata mwenendo huo, ikiongeza uzito huku na ukali kule. Kwa hiyo kile tukiitacho sauti ya amplifaya ni, kwa hakika, mapatano ya valvu, transfoma na spika, na wala si mali ya kimojawapo peke yake.

Kisha ikaja tamaa ya ukubwa. Beatles walipopiga Shea Stadium, New York, mwezi Agosti 1965, mbele ya watu zaidi ya 55,000, amplifaya zao za Vox za wati 100 zilimezwa na makelele ya mashabiki. Na mwaka huo huo Marshall alikuwa akimuundia mpiga gitaa Pete Townshend amplifaya za wati 100 juu ya masanduku marefu ya spika. Transista, iliyozaliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, ilileta nguvu kwa bei nafuu na uzito mdogo, lakini wapiga gitaa wengi waliikataa, kwa kuwa ilipolemewa ilikwaruza vibaya, na kwa kuwa iliishika spika barabara mno, ikitoa volti ile ile bila kujali ukinzani unavyopanda na kushuka.

Sifa hiyo iliyochukiwa ndiyo iliyokuja kuwa fadhila. Roland ilipotoa mashine ya kuiga sauti, VG-8, mwaka 1995, Line 6 ikafuatisha POD mwaka 1998, Fractal Audio Axe-Fx mwaka 2006 na Kemper mashine yake mwaka 2011, hesabu za kompyuta zilianza kuiga hata ule mngurumo wa valvu za amplifaya ya nguvu, na sauti ya spika pia. Sauti ikawa imekwisha kupikwa kabla ya kufika kwenye amplifaya ya nguvu, ikitaka tu kukuzwa bila kubadilishwa, na kuipitisha tena katika valvu ni kuitia chumvi mara ya pili.

Kwa maoni yangu, basi, anayetaka sauti nyingi katika mashine moja achague amplifaya safi ya transista, yenye wati 200 hivi, maana kuzidisha wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, na usafi hutaka akiba. Anayependa valvu kwa dhati asizuiwe, illa azime mwigo wa amplifaya ya nguvu ndani ya mashine yake. Akitumia sanduku la kawaida la gitaa azime pia mwigo wa spika; akitumia spika isiyobadili sauti, auache. Na kabla ya kulipa asome maandishi ya nyuma ya sanduku lake: amplifaya ya transista itoayo wati 200 kwa omu 4 hutoa takriban nusu yake kwa omu 8, na kwa omu 16 hupungua tena kwa kadiri hiyo hiyo.